Tembo la Chachu Nililibeba Mimi

Kwako Somoe binti Amade, popote ulipo,

Leo Idd Pili. Vyereheni nimevifunika, barazani hakuna mtu, na mikono yangu inanuka iliki. Ungeiona ungecheka. Nimeungua kiganjani na nimeungua hapa juu ya kifundo cha mkono, kwa sababu ule ujanja wako wa kulitelezesha andazi ubavuni mwa karai mimi sina. Mimi nalidondosha tu kama mtu anayetupa jiwe kisimani, na mafuta yananirukia. Maandazi yenyewe mengine yametoka na pembe tatu, mengine hayana pembe hata moja. Fundi mzima wa kukata vitambaa, nimeshindwa kukata unga.

Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote. Nimewaomba wenye gazeti waitoe kama ilivyo, na makosa yake ya maandishi, maana shule yangu unaijua ilipoishia. Sijui uko wapi, hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba neno lile nililisema barazani, mbele za watu, watu wakalibeba wakaenda nalo. Haifai nije kulifuta kwa kukunong'oneza.

Lakini kabla sijafika huko nataka nikumbuke na wewe kidogo. Nisamehe. Nimekaa miaka bila mtu wa kukumbuka naye.

Unakumbuka kopo la hamira? Idd yetu ya kwanza, umetoka Mahurunga kwa mama yako, upande wetu huu wa Ruvuma, hujazoea hata njia ya kisima cha hapa Magomeni, Mtwara. Nikakununulia hamira ya kopo dukani nikiona nimefanya la maana. Ulifungua, ukanusa, ukafunika.

"Fundi, hii inanuka dawa. Watu watadhani wako wodini."

Ulikuwa huniiti jina. Tangu siku ya kwanza uliniita Fundi, kama wateja, ila kwako lilikuwa na sukari ndani. Ukaniambia kwenu, ng'ambo ya Ruvuma, kabla hamjakimbia kodi za Mreno, mama yako alikuwa anaumulia maandazi kwa chachu ya chungu. Inaanzishwa na tembo la mnazi, kikombe kimoja, mara moja tu. Baada ya hapo kila unapokanda unabakiza donge, unalirudisha chunguni na unga kidogo na maji, linakaa linakungoja mpaka siku nyingine. Tembo lenyewe linakwisha, kinachobaki ni unga unaozaa unga.

Nikakwambia, "Mimi ninayeshona kanzu za watu wa msikitini, nikaonekane kwa mgema?"

"Basi nitakwenda mimi."

"Wewe mgeni, utapajua wapi? Nitakwenda."

Hayo ndiyo maneno, Somoe. Hukunituma wala hukunilazimisha. Nilisema nitakwenda, na nikaenda.

Ilikuwa Ijumaa. Kanzu ya Mzee Shaweji, mzee wa mtaa wetu, ilikuwa Mikindani kwa mtu wa kutia nakshi za shingo, nikaona nipige ndege wawili kwa jiwe moja: nichukue kanzu, nipite kwa mgema nyuma ya mji. Mgema akanijazia chupa, nikaiziba kwa gunzi nikalikandamiza kwa nguvu zangu zote, nikaifungasha ndani ya ile kanzu ili isionekane, nikafunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Swala ya Ijumaa sikuiwahi, na hilo nalo liandikwe. Nikawa napita mbele ya msikiti ndiyo kwanza watu wanatoka, wanatafuta viatu, na barabara ile unaijua ilivyo na mashimo. Paa! Gunzi likaruka kama risasi.

Watu wakashtuka. "Fundi, tairi limepasuka!"

"Ndiyo," nikasema, "tairi."

Nikashuka, nikawa nakokota baiskeli yenye tairi zima, nachechemea nayo kama inaniuma mimi. Kijana mmoja mwema akanifuata, "Ngoja fundi, mimi nina viraka." Nikamwambia ndugu yangu asante, asante, mimi napenda kutembea. Huku nyuma yangu tembo linachuruzika kwenye kanzu ya Mzee Shaweji, mpya, yenye nakshi. Nikaenda kuifua kwenye maji ya chumvi kule kwenye mikoko, nikaianika juu ya matawi, nikakaa chini na nguo ya ndani tu maana na shati nalo lilinuka. Jua likaenda. Nikafika nyumbani na nusu chupa.

Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mchanga, ukashika tumbo. Kila nikitaka kukasirika unasema "mimi napenda kutembea" na unaanza upya. Halafu ukafuta machozi ukaniambia kwa upole, kama mtoto wa darasa la kwanza, "Tembo changa halizibwi, Fundi. Linapumua."

Chupa ile ukaiosha, ikawa ndiyo mti wako wa kusukumia maandazi. Miaka yote. Kila mtu aliyekuja kwetu aliiona.

Na chachu ikashika. Uliiweka kwenye kile chungu kidogo cheusi, pembeni ya kitanda, si jikoni, ulisema jikoni moshi utaisumbua. Asubuhi kabla hujafagia ulikuwa unafunua kawa, unatia unga vidole vitatu, maji kidogo. Nikikuita unasema, "Subiri nimlishe mtoto." Nilizoea. Mwanzoni ilikuwa mzaha tu. Mwaka ukapita, na mwingine, na Mungu hakutujalia, na mzaha ukabaki ule ule lakini sikuweza tena kucheka, ila wewe ulisema hivyo hivyo kwa sauti ile ile, subiri nimlishe mtoto. Dada yangu Zainabu, unamjua mdomo wake, siku moja akakwambia mlangoni, "Wifi, humu ndani kinachojaa ni chungu tu." Nilikuwa ndani napiga pasi, nikasikia. Ukamjibu, "Hata hicho, wifi, mwenzangu huna. Njoo nikumegee."

Na kweli ulimmegea. Ulimegea mtaa mzima. Watu walikuja kuomba chachu kwako kama wanavyoomba moto.

Na ule mwaka wa mwezi? Kila mwaka ilikuwa kamari, kwa sababu unga unakandwa mchana na mwezi unatafutwa jioni. Usipokanda, mwezi ukionekana huna kitu cha asubuhi. Ukikanda, usipoonekana, unga umeumuka na wewe una funga. Mwaka ule ulikanda beseni mbili, nazi ulikuna mpaka mikono ikafa ganzi, na mwezi haukuonekana. Mawingu yale ya kusi, hapana, kusi ilikuwa bado, yalikuwa mawingu ya masika yanaanza. Unga ukainua mfuniko. Ulikuwa unaukandamiza kwa ngumi na kuuambia, "Wewe nawe una haraka gani, Idd haijafika." Ukaongeza unga, ukaongeza sukari, ukaufunika kwa kanga iliyoloweshwa maji. Asubuhi ya Idd maandazi yakatoka na uchachu kwa mbali, na watu wakayala kuliko mwaka wowote. Mzee Shaweji alikula akasema, "Mwakani mwezi usionekane tena."

Alipenda sana maandazi yako yule mzee. Kila Idd, akitoka kuswali, kabla ya kwenda kwa watoto wake, alipita kwetu. Na wengine vile vile. Walivaa nilichoshona mimi wakala ulichokaanga wewe, na mimi nilikuwa nakaa pale barazani naona kama mji wote wa Mtwara ni wangu.

Sasa nifike.

Ulikuwa mwaka wa korosho nzuri. Watu walishonesha mpaka watoto wa kunyonya. Dada Zainabu lile donge ulilompa lilikuwa limemfia, alilisahau siku ngapi sijui bila kulilisha, akaja kuomba lingine, na akakuuliza wewe hili jambo ulianzia wapi. Ukamwambia. Kwa nini usimwambie? Ni wifi yako. Ukamwambia zamani, tembo kikombe kimoja, mara moja tu. Hukumwambia nani alilileta. Nimelifikiria sana hilo. Hata katika kuzungumza tu ulinifichia.

Idd ikafika. Baraza imejaa, kanzu zinameta, sinia iko katikati, wewe umechutama kwenye karai hapo ubavuni mwa nyumba unaendelea kukaanga, chupa iko kwenye ubao imepakaa unga. Dada Zainabu akachukua andazi, akaliinua juu.

"Kuleni jamani, kuleni! Ila mkiinuka mshikane mikono, msije mkayumba."

"Tuyumbe na nini?"

"Muulizeni wifi yangu ameumulia nini."

Alikuwa anatania. Leo najua alikuwa anatania, na wewe ulijua palepale, maana ulicheka, hukugeuka hata, ukasema na mwiko mkononi, "Wifi nawe! Tembo lenyewe la mwaka gani, limeshakufa likazikwa."

Kijana mmoja aliyekuwa ameanza kusomesha watoto Kurani chuoni siku hizo akatema. Akatema chini kabisa, mbele ya watu. "Tembo? Siku ya Idd?" Na wengine mikono ikasimama njiani. Mafuta peke yake ndiyo yalisikika.

Mzee Shaweji alikuwa na nusu andazi mkononi. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Akaniuliza taratibu, "Fundi. Ni kweli haya?"

Somoe, nilikuwa na nafasi. Ningesema ndiyo, Mzee, nililileta mimi, tena kwa baiskeli, na gunzi likaruka mbele ya msikiti. Ningesimulia tairi. Lakini niliona zile kanzu zote, niliona za mwakani hazitakuja, niliona yule kijana anavyonitazama. Na kwa kuwa wewe ulikuwa mtu wa ng'ambo, kila mtu angeamini tu.

Nikasema, "Mimi sikujua, Mzee. Wallahi sikujua."

Wallahi, nikasema. Siku ya Idd, na udhu wa swala bado ninao.

Halafu, kwa kuwa mwongo hapendi kuishia katikati, nikaingia ndani nikatoka na chungu, nikakimwaga pale chini ya mpapai wote wakiona. Kuku wakaja mbio. Nilikusikia nyuma yangu. Hukupiga kelele. Ulisema, "Fundi, hata wewe?"

Ukaondoa karai motoni. Ukakusanya sahani moja moja, ukawaambia watu, "Samahanini, samahanini," kama aliyemwaga chai. Baadaye nilikuona unaosha chungu kwa mchanga, unakisugua ndani nje, halafu ukakiweka kifudifudi kwenye kidaraja cha mlango. Idd Pili hatukusemeshana. Kesho yake ukafunga mzigo.

Nilikusindikiza mpaka kwenye lori la Mahurunga. Mzigo niliubeba mimi, na kupitia kwenye kanga nilisikia kitu kigumu kirefu, nikajua ni ile chupa. Chungu umekiacha, chupa umeichukua. Dereva alikuwa anapiga honi. Nilikuwa natafuta neno. Wewe ndiye uliyesema, tena kwa sauti ya kawaida, kama unaniachia maagizo ya nyumba:

"Kanzu ya watu uliifua mpaka harufu ikatoka. Mimi umeniacha ninuke."

Lori likaondoka.

Nisijifanye kwamba nililia mwaka mzima. Nilingoja urudi. Nilijiambia atatulia, atarudi, mbona wanawake wanakwenda kwao wanarudi. Kazi zilikuja kweli, kanzu zilikuja, yule kijana wa chuoni akawa mteja. Kisha akaja mjomba wako kudai talaka, akakaa kwenye kile kiti cha wateja hata maji hakunywa, na mimi nikaitoa, na pale pia nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema. Nilioa tena, hilo nisikufiche. Hatukufika mbali. Alikuwa mwanamke mzuri, kosa lake ni kwamba asubuhi aliamka akafagia tu.

Na mtaani walikuwa wanasema. Ikitajwa Idd, ikitajwa maandazi, kuna mtu atasema, "Unamkumbuka yule wa ng'ambo aliyewalisha watu pombe?" Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nasikia, naendelea kukanyaga cherehani.

Kilichonivunja ni Mahurunga. Ng'ambo, Msumbiji, walipopata uhuru wao mwaka huu, nikasikia watu wa Ruvuma wanarudi makwao, nikaogopa. Nikachukua baiskeli. Kwenu nilipakuta mihogo, Somoe. Nyumba haipo, watu wamehamishiwa kijijini kando ya barabara, na pale jikoni kwa mama yako mihogo imesimama mistari. Nikamkuta mama mmoja anapalilia. Nikamuuliza. Akasema wamevuka, mama na binti yake, wameelekea upande wa Kionga. Halafu akanitazama vizuri, jembe begani.

"Wewe ndiye mume wa yule aliyewalisha watu tembo siku ya Idd?"

Mpaka Mahurunga. Shambani. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Magomeni. Nilidhani nilikuacha unuke pale barazani tu, siku moja, na kwamba ukipanda lori unaiacha harufu nyuma. Kumbe ilipanda na wewe. Uliishi nayo kwa mama yako, kisimani, kwenye ngoma, kwenye misiba, miaka yote. Na neno lako lingekuokoa, ungesema tu "aliyelileta ni yeye." Nilimuuliza yule mama, "Mwenyewe alikuwa anasemaje akiulizwa?" Akasema, "Alikuwa hasemi kitu. Anacheka kidogo."

Nilirudi nakokota baiskeli. Tairi lilikuwa zima.

Mwezi wa Shaabani nikaenda tena kwa mgema, Mikindani. Ni yule yule, meno yamepungua. Akanijazia. Safari hii sikufunika na kitu. Nilifunga chupa kwenye usukani, mbele, gunzi nikalilegeza lipumue, nikapita barabara ile ile mchana kweupe. Wakaniita, "Fundi! Umeanza lini?"

"Zamani sana," nikasema. "Nyinyi ndio mnaona leo."

Walicheka, wakajua nina mzaha.

Chungu chako nilikigeuza. Chachu ya kwanza iliharibika, ikanuka vibaya, ya pili ikashika. Unga wa ngano siku hizi ni foleni, ukipata kilo umepata bahati, lakini nilimlisha kila siku, Ramadhani nzima, mimi mwenyewe nimefunga naye anakula. Nilianza kuelewa kwa nini ulikuwa unazungumza nalo lile donge. Ukiwa peke yako na kitu kinachopumua, unazungumza.

Jana ndiyo Idd. Nilikaanga alfajiri, nikatia kwenye sinia, nikaweka barazani na ile chupa mpya pembeni. Watu wakaja, si wengi kama zamani. Dada Zainabu akaja, amenenepa, magoti yanamsumbua. Mzee Shaweji akaletwa na mjukuu wake, macho yamekwisha kabisa, anashikwa mkono. Nikangoja wakae. Nikasema kabla hajala mtu.

Nilisema hivi: haya maandazi yameumuliwa kwa chachu ya tembo, asiyetaka asile, simlazimishi. Tembo nimelileta mimi. Na la zamani, lile la Somoe, nililileta mimi pia, kwa baiskeli, kwa hiari yangu, na niliapa uongo hapa hapa. Kafara ya kiapo nimeilipa kwa kufunga siku tatu. Yule mwanamke hakumlisha mtu kitu ambacho mimi sikukijua. Nikawasimulia gunzi, nikawasimulia tairi, nikawasimulia kanzu iliyoloa.

Hakuna aliyecheka. Dada Zainabu akajifunika mdomo kwa kanga. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuwa natania. Wewe si ungesema tu? Mimi nilikuwa natania!" Akaanza kulia kwa sauti, akasema, "Ndiyo maana wifi hakunijibu salamu zangu, ndiyo maana."

Mzee Shaweji aligeuza uso kufuata sauti yangu. Halafu akanyoosha mkono kwenye sinia, akapapasa, akapata andazi, akalinusa.

"Fundi," akasema, "kanzu ile ilikuwa yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe unadhani harufu ilitoka?"

Nikasogeza sinia karibu na mkono wake.

"Haikutoka. Niliivaa Idd nzima nanuka mgema. Mke wangu akaniuliza nimelala wapi." Akatafuna. "Nikasema huyu fundi kijana, ana mke mgeni, wana mambo yao, nikaipeleka kwa dobi nikanyamaza. Yalipotoka maandazi yale mazuri, nikaelewa."

Nikamuuliza, "Kumbe siku ile uliponiuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuuliza ili useme. Ungesema, tungecheka, tungekula, yule kijana angekwenda zake. Nilikushikia mlango, Fundi. Ukamsukuma mkeo nje, ukafunga." Akapangusa makombo kidevuni. "Na mimi nilikuwa na mdomo. Niliogopa kukuaibisha kwako. Hilo ni langu, nitaulizwa."

Akala andazi lote, akachukua la pili. Akasema umbo lake baya lakini chachu ndiyo yenyewe. Alipoinuka akauliza, "Yuko wapi sasa huyo binti?"

"Sijui, Mzee. Ng'ambo."

"Basi umetueleza sisi ambao hatukudai. Mwandikie."

Ndiyo nakuandikia.

Kama umeolewa, mumeo asinikasirikie, asome aone hakuna cha kumnyang'anya. Kama una mtoto, mwambie mama yake hakumlisha mtu haramu kwa siri, mume ndiye aliyeapa uongo. Mtu yeyote wa Kionga au wa upande wowote wa Ruvuma anayesoma haya na anamjua Somoe binti Amade, mwanamke mrefu kiasi, ana kovu dogo la mafuta kwenye mkono wa kulia, anacheka akishika tumbo, namwomba amsomee. Asimsomee pembeni. Amsomee penye watu.

Sikuombi urudi. Ningekuwa na haki ya kuomba ningeomba, na ningeomba kwa miguu, unajua mimi napenda kutembea. Ninachokikosa kwako ni nini, hata sijui nianzie wapi. Sauti ya kawa likifunuliwa asubuhi, labda hiyo ndiyo zaidi. Nikiisikia sasa ni mimi mwenyewe nimelifunua, na huwa nageuka kutazama mlangoni.

Mtoto nimeshamlisha leo. Nimemwacha pembeni ya kitanda, si jikoni. Hapa Magomeni siku hizi wakitaja maandazi ya Idd watanicheka mimi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukipita, hata kama ni kupita tu na safari yako, donge lako lipo, nitakumegea mlangoni kama ulivyokuwa unawamegea wengine, wala huna haja ya kuingia.

Chungu ninacho mimi. Chupa unayo wewe.

Aliyekuwa mume wako,
Fundi